Mrushaji wa Tano

Mwaka ule askari walipopora maduka ya mjini, na baadaye vijana wa mitaa wakaanza kupita nyumba hadi nyumba wakiwaambia watu wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi "kwao", mimi nilikuwa nikigombana na watu juu ya kriketi. Nalisema mapema ili msomaji asinitafutie ushujaa ambao haupo. Mji ulikuwa unabomoka, nami nilikuwa na kalamu nyekundu na karatasi ya mfuko wa unga, napanga nani apige na nani arushe.

Kriketi kwetu Lubumbashi ilikuwa mchezo wa wafanyabiashara wa Kihindi. Patron wangu, yaani mwajiri wangu, alikuwa mmoja wao. Alizaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kilikuwa cha hapa kuliko changu, na alikuwa na duka la jumla la unga, sabuni na vitambaa. Mimi nilikuwa karani wake wa depo, ghalani, na kwa Kifaransa aliniita commis. Kila Jumapili alinichukua kiwanjani niandike kitabu cha mchezo, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na kwa sababu sikuwa na ndugu katika timu yoyote. Niliandika miaka mingi. Mtu anayeandika kila mpira hujua mengi, na mtu anayejua mengi bila kuulizwa neno huwa na hasira. Nilikuwa na hasira, mke wangu ni shahidi.

Baada ya uporaji, familia nyingi za wenzake patron zilifunga mizigo, zikavuka kwenda Zambia na mbali zaidi. Timu ilibaki na watu sita. Hata mkeka wa nyuzi za nazi tuliokuwa tukiutandika kiwanjani, mahali mpira unapodundia, uliporwa. Tuliukuta baadaye mtaa wa Kamalondo umetandikwa katika baa. Mwenye baa alikuwa mtu wa haki: alitukatia nusu, akabaki na nusu. Patron akajaza timu kwa wafanyakazi na marafiki, kisha siku moja akanigeukia.

"Commis, weye njo unajua bantu. Weye njo utachagua."

Miaka yote nilikuwa nimelingojea neno hilo, kwamba mimi ndiye ninayewajua watu na mimi ndiye nitakayechagua. Nilifurahi kupita kiasi, naona aibu kulisema.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kila timu hurushiwa ova thelathini, na ova moja ni mipira sita. Mrushaji haruhusiwi kuzidisha ova sita. Basi ukitaka kuzimaliza ova zote thelathini unahitaji warushaji watano, wanne hawatoshi. Lakini timu ni watu kumi na mmoja tu, na mara nyingi mrushaji hodari akipewa gongo la kupigia hupiga hewa. Kila mrushaji unayemwingiza, umemtoa mpigaji. Mshika mbili moja humponyoka, na kazi ya mchaguzi ni kujua ipi imponyoke. Mimi nilikuwa na warushaji wanne wa kuaminika, wapigaji sita, na nafasi moja iliyobaki. Usingizi wangu wote uliishia kwenye nafasi hiyo.

Mrushaji wa tano, kama ningemtaka, alikuwapo. Alikuwa fundi cherehani wa Kamalondo, kibanda chake kikiwa milango mitatu kutoka nyumba aliyozaliwa. Ndiye aliyetushonea suruali nyeupe. Mara moja mpira wetu wa ngozi, wa mwisho tuliokuwa nao, ulifumuka, nikampelekea auzibe. Aliushona kwa uzi wa washona viatu uliopakwa nta, akaugeuzageuza mkononi, akauliza kwa nini mshono wake umeinuka. Nikamwambia aje Jumapili aone. Alikuja, akaomba kujaribu, na kuanzia siku hiyo tukawa na mrushaji ambaye hakufundishwa na mtu. Mpira wake ulikwenda polepole, ukaanguka, kisha ukageukia upande ambao mpigaji hakuutarajia. Alisema vidole vinaujua mshono kuliko macho. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa nilimzidi miaka michache, nami nilimfundisha kusoma kitabu changu juu ya meza yake ya kukatia nguo: nukta ni mpira usiozaa kitu, duara ni ova isiyotoa hata mbio moja, yaani alama. Alizipenda duara zake. Alizihesabu kila Jumapili.

Wazazi wake walitoka Kasai. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko. Kabla ya mwaka ule sikuwahi kufikiri juu ya jambo hilo, naye nadhani hivyo hivyo, isipokuwa tulipomtania kwa namna anavyopenda majani ya muhogo yapikwe. Kisha vijana wakapita mtaani kwake wakaweka alama ya chokaa mlangoni. Wateja wakaacha kuleta vitambaa. Watu wa asili yake walianza kwenda stesheni na magodoro yao kungoja treni ya kuwapeleka Kasai, na treni haikuja, nao wakabaki pale majuma na majuma, wakipika, wakiugua na kuzika.

Kila mwaka timu yetu ilivuka mpaka kwenda Ndola, Zambia, kucheza na wafanyabiashara wa huko. Mwaka ule nilidhani patron ataacha, lakini alisema kama hatuendi watu watasema tumekwisha. Akapata karatasi moja ya kupita kwa ajili ya timu nzima, yenye muhuri, yenye nafasi za majina kumi na mawili: wachezaji kumi na mmoja na mwandishi wa kitabu. Ndiyo desturi ya mchezo huu, kila timu huja na mwandishi wake na kitabu chake, na vitabu viwili hulinganishwa. Mkuu wa ofisi iliyotoa karatasi alisema mara mbili kwamba wa kumi na tatu hatapita.

Fundi aliposikia habari ya karatasi alifunga kibanda mchana kweupe, akanifuata depo. Alinivuta nyuma ya mifuko ya unga.

"Yaya, unitie mu liste."

"Unajua ninakufikiria."

"Hapana, yaya. Sikia muzuri. Miye nikifika kule, sitarudia huku. Yaya yangu mwanamuke iko Ndola, bwana yake atanipatia kazi ya kushona. Bibi yangu, mama ya batoto, anapita mupaka kila juma na mabeseni ya mikate, banamujua, atakuya nabo. Banamuke banapita. Ni banaume njo banasimamishwa mu njia. Miye peke yangu njo sina njia."

"Na treni?"

"Treni ya kwenda wapi? Miye ninajua nani kule?"

Nilimwambia nitaona. Neno hilo, nitaona, nalikumbuka hadi leo. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akarudi Kamalondo kwa miguu.

Jioni hiyo patron alikaa juu ya sanduku la sabuni, tukaanza kupanga. Hakutaka mrushaji wa tano. Mwaka uliotangulia, kule Ndola, wapigaji wetu wote walitolewa kabla ya mapumziko ya chai, na aibu hiyo ilikuwa bado inamwasha.

"Shiye hatuna bapigaji, commis. Tia ule wa camion."

Wa camion alikuwa msafirishaji kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu mkubwa, mcha Mungu, mwenye lori mbili. Alikuwa hajui kudaka wala kukimbia, lakini mpira ukikutana na gongo lake haukuonekana tena. Tulimpanga apige wa saba kwa sababu Jumapili alitoka kanisani amechelewa, na alifunga macho kuomba kabla ya mpira wa kwanza hata mrushaji akasimama kumngoja. Alivuka mpaka kila juma na mizigo yake. Hakuhitaji karatasi ya timu. Walinzi wa mpaka walimjua hata kwa jina la utani.

"Na ova sita za mrushaji wa tano?" nikauliza.

"Tutazitafuta mu bapigaji. Huyu mbili, ule mbili. Itatosha."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Patron hakuwa mtu mbaya. Kama ningemwambia kwamba fundi anatafuta maisha, angemwandika yeye kwanza kabla ya jina lake mwenyewe. Nilijiambia kwamba siri ya mtu si yangu kuitoa. Nilijiambia pia kwamba mchaguzi hapangi timu kwa huruma, kwamba nikianza kuchagua kwa huruma nitakuwa kama wanasiasa wanaochagua kwa kabila. Ona akili ya mtu ikitaka kujificha! Ukweli ni kwamba mtaani kwetu Bel-Air vijana walikuwa wameanza kuuliza nani anawaficha watu wa Kasai, na sisi ni watu wa hapa tangu babu, jina letu linajulikana. Niliogopa karatasi yenye mwandiko wangu na jina lake. Na chini ya woga huo kulikuwa na kitu kibaya zaidi: niliona hoja ya patron ina maana. Upigaji wetu ulikuwa dhaifu kweli. Nilifurahi kwamba woga wangu na mchezo vinakubaliana.

Nikaandika jina la msafirishaji, wa saba. Chini kabisa, kwenye mstari wa kumi na mbili, nikaandika langu, kama nilivyoliandika kila mwaka.

Siku ya pili nilikwenda Kamalondo. Nilimkuta fundi amepiga magoti mbele ya yule msafirishaji, pini mdomoni, anampunguzia suruali nyeupe. Patron alikuwa amemtuma msafirishaji huyo asubuhi. Kwa hiyo fundi alikuwa amekwisha kujua, na mtu aliyechukua nafasi yake alikuwa amesimama juu ya kigoda, anamwambia asikaze kiunoni. Msafirishaji hakujua lolote. Alitusalimia sote kwa jina la Bwana, akaenda zake.

Nikaanza kueleza. Nilimweleza mambo ya upigaji, ya mwaka jana, ya ova sita zitakazogawanywa. Niliongea kama mwalimu. Yeye alizitoa pini moja moja akazirudisha kwenye kopo.

"Bantu bane ba kurusha habatatosha," alisema mwishowe. "Mutafunguka pale katikati."

"Patron anasema batatosha."

"Na kuandika, nani ataandika?"

"Miye."

"Njo vile," akasema. Akaikunja suruali, akainyoosha mkunjo kwa kiganja, akanipa nimpelekee msafirishaji.

Tulikwenda kwa lori ya msafirishaji huyo huyo. Barabarani kulikuwa na kizuizi cha magogo, na vijana wenye macho mekundu. Mmoja alipanda juu ya gurudumu akatuchungulia. Nilikuwa nimekwisha kuyaandaa majibu ya kila jina, la baba, la mama, la kijiji. Hakuuliza hata moja.

"Bote ni ba équipe?"

"Bote," patron akajibu, kwamba sote tu wa timu.

"Mupite. Mubafunge bale ba Zambia."

Kasumbalesa, mpakani, ofisa aliishika karatasi akatuhesabu kwa kidole: moja, mbili, hadi kumi na mbili. Hakusoma jina lolote. Aligonga muhuri akaomba tumletee mpira wa kuchezea watoto wake. Safari yote iliyobaki niliegemea ubavu wa lori, uso nje. Msafirishaji alidhani gari linanichefua, akanipa chungwa.

Kiwanja cha Ndola kilikuwa cha kijani, kimefyekwa, kana kwamba hakuna kitu kilichokuwa kinatokea duniani. Sisi tulipiga kwanza. Ukweli usemwe, tulipiga vizuri kuliko mwaka jana. Msafirishaji aliingia wa saba, akafunga macho, akaomba, wote wakamngoja. Mpira wa kwanza aliupiga ukapotelea kwenye majani marefu nyuma ya uzio. Wa pili ukagonga vile vijiti vitatu vya nyuma ya mpigaji, na vikigongwa mpigaji ametoka. Akatoka akicheka, suruali yake imemkaa vizuri kabisa.

Kisha tukarusha sisi. Warushaji wetu wanne walifanya kazi yao, na kwa muda mrefu wenyeji walikuwa wamebanwa. Patron alikuwa anawaweka akiba wawili kwa ajili ya mwisho, kwa hiyo katikati ilibidi apatikane wa tano. Alirusha yeye mwenyewe. Alirusha msafirishaji. Wapigaji wa Ndola waliwapokea kama wageni wa harusi. Ova zile zilituvunja. Mchezo ulikwisha jua likiwa bado juu, na warushaji wetu wazuri walikuwa na ova mkononi ambazo hazikuwa na kazi tena.

Mimi haya niliyaona kutoka kwenye meza ya waandishi, chini ya paa la bati. Kando yangu alikaa mwandishi wao, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tuliongea Kibemba. Kila wiketi ilipoanguka, yaani mpigaji alipotolewa, tulisomeana, na kila mara tulikuwa sawa. Alinisifu. Akasema mwaka mmoja timu ya Kitwe ilikuja bila mwandishi, yeye akaziandikia timu zote mbili, na hakuna aliyelalamika.

"Si kazi," alisema. "Mpira ni ule ule."

Nikakosea nukta moja, nikaifuta, nikaendelea. Sikutaka kulifikiri jambo lile la mstari wa kumi na mbili hadi mwisho, na kwa kuwa kulikuwa na mipira ya kuandika, sikulifikiri.

Tulipokuwa tunarudi, nilimwambia patron habari ya fundi. Sijui kwa nini nilingoja hadi pale. Aligeuka kunitazama, lori ikiruka kwenye mashimo.

"Commis," akasema, "ungelisema."

Kibanda cha fundi Kamalondo tulikikuta kinauziwa mkaa. Mwenye mkaa hakujua fundi alikwenda wapi, au alijua hakutaka kusema. Nikaenda stesheni asubuhi, kitabu cha mchezo kwapani, kwa sababu nilitoka nyumbani nikijiambia nakipeleka depo.

Stesheni ile niliijua tangu utoto, lakini sikuitambua. Watu walijaa hadi relini. Masufuria, vitanda vilivyofunguliwa, mashine za kusaga, nyanya waliolala juu ya khanga. Harufu yake sitaieleza. Nilimkuta fundi karibu na ukuta, amekaa juu ya sanduku la cherehani, mkewe kando, wasichana wao wawili wanasukana nywele. Mke alikuwa anaweza kuvuka na mikate yake siku yoyote. Alikataa kuvuka kama mumewe havuki. Kwa hiyo wote wanne walikuwa pale, wanangoja treni ya kwenda mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika.

"Yaya, karibu," alisema, akanisogezea nafasi juu ya sanduku, kana kwamba tuko kibandani.

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, nikaweka kitabu magotini. Mkewe alinisalimia, kisha akatazama pembeni.

"Ova zangu nani alirusha?" fundi akauliza.

"Patron. Na ule wa camion."

"Balipigwa?"

"Sana."

Alicheka kidogo, kicheko cha kweli, cha mtu aliyeambiwa kwamba alisema kweli. Akanyoosha mkono nimpe kitabu. Akakifungua kwenye ukurasa wa Ndola, akashuka na kidole mstari kwa mstari kama nilivyomfundisha, nukta, duara, nukta. Alipofika zile ova za katikati alitikisa kichwa. Alisoma hadi mwisho, hata mistari ambayo watu hawaisomi, majina ya waamuzi, na pale chini palipo na sahihi mbili, yangu na ya yule mzee.

"Bale ba Ndola bako na mwandishi yabo?"

"Bako naye."

"Bitabu byenu bilipatana?"

"Bilipatana. Hata nukta moja haikupotea."

Alikifunga kitabu, akafuta vumbi la jalada kwa mkono wa shati, akanirudishia. Hakuwa na hasira. Ningependa awe nayo.

"Sasa, yaya," akasema polepole, kama mtu anayetaka kuelewa tu, "kitabu moja haikutosha?"

Nilimjibu kwamba desturi ni vitabu viwili. Ndilo jibu nililokuwa nalo. Aliinamisha kichwa kukubali, na msichana wake mdogo akamwomba amshikie kioo, akamshikia.